Je, kweli Papa alimtoa gerezani mtu aliyempiga risasi?

SWALI: Wakili, shikamoo. Mwezi uliopita tulimzika mama yetu hapa Kibosho. Alikuwa mmoja wa waliokwenda kumwona Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Moshi mwaka 1990, na kitenge cha ziara ile tumekikuta sandukuni kimekunjwa vizuri, hakijawahi kushonwa. Siku ya kuanua matanga ubishi ukaanzia hapo. Mjomba anasema yule Mturuki aliyempiga Papa risasi alisamehewa, Papa mwenyewe akaenda kumtoa gerezani, akabatizwa na mwishowe akawa padri. Kaka yangu mkubwa anasema hapana, alinyongwa kwao Uturuki. Ubishi huu una sababu. Mwaka jana kijana wa jirani alimkata panga mdogo wetu, kesi iko mahakamani hapa Moshi, na mama kabla hajafariki alisema amemsamehe. Mjomba anataka twende tukaifute kesi. Anasema, kama Papa aliweza, sisi ni nani? Naomba utueleze yule mtu na wenzake waliishia wapi, na kama hoja ya mjomba inasimama.

JIBU: Marahaba, na poleni sana na msiba.

Nitangulize jibu fupi ili ubishi upoe. Papa alimsamehe Mehmet Ali Ağca siku nne tu baada ya kupigwa risasi. Pamoja na hayo, Ağca alikaa katika magereza ya Italia miaka kumi na tisa, na alipotoka huko pingu za Uturuki zilikuwa zinamsubiri. Akakaa karibu miaka kumi mingine. Hakunyongwa, wala hakuwa padri. Lakini mjomba na kaka hawakuokota maneno yao hewani, na nitakuonyesha kila mmoja aliyatoa wapi.

Tukio lenyewe lilikuwa Jumatano, tarehe 13 Mei 1981. Papa alikuwa akizunguka Uwanja wa Mtakatifu Petro katika gari jeupe la wazi, Fiat, akisalimia mahujaji. Alikuwa ametoka kumpakata mtoto mdogo wa kike na kumrudisha kwa wazazi wake. Muda mfupi baada ya saa 11 na robo jioni, kijana wa miaka 23 aliyekuwa katikati ya umati alinyoosha bastola aina ya Browning akafyatua. Risasi zilimpata Papa tumboni, mkononi na kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Katibu wake, Padri Stanisław Dziwisz, aliyekuwa nyuma yake garini, akamdaka akianguka. Mshambuliaji akajaribu kutokomea katika umati, lakini mtawa mmoja alimng'ang'ania mpaka walinzi wakamfikia. Mahujaji wawili, wote wanawake, walijeruhiwa kwa risasi zilezile, na wote wawili walipona. Usiwasahau hao wanawake, kwa sababu karibu kila anayesimulia kisa hiki huwasahau, na kisheria wao ndio wanaoiharibu hoja ya mjomba wako.

Papa alikimbizwa Hospitali ya Gemelli. Upasuaji ulichukua zaidi ya saa tano, na sehemu ya utumbo ikakatwa. Huku kwetu husimuliwa kana kwamba aliamka kesho yake akiwa mzima. Haikuwa hivyo. Alitoka hospitali tarehe 3 Juni, akarudishwa tarehe 20 Juni na homa kali iliyotokana na maambukizi ya virusi, akapasuliwa tena tarehe 5 Agosti, na ndipo akaruhusiwa katikati ya Agosti. Yule mliyemwona Moshi mwaka 1990 alikuwa na makovu ya visu zaidi ya kimoja. Daktari bingwa aliyeongoza upasuaji wa kwanza, Francesco Crucitti, alimpasua tena mwaka 1992 kwa uvimbe wa utumbo mpana na mwaka 1996 kwa kidole tumbo. Daktari huyo alifariki mwaka 1998, miaka saba kabla ya mgonjwa wake.

Sasa huyo Ağca. Alizaliwa mwaka 1958 katika mkoa wa Malatya, mashariki mwa Uturuki, akakulia katika umaskini na kujiunga na vijana wa mrengo mkali wa kizalendo waliojiita Mbwamwitu wa Kijivu. Papa hakuwa mtu wake wa kwanza kumpiga risasi. Tarehe 1 Februari 1979, jijini Istanbul, Abdi İpekçi, mhariri wa gazeti la Milliyet, aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake karibu na nyumbani kwake. Ağca alikamatwa kwa mauaji hayo, akafungiwa katika gereza la kijeshi, na mwezi Novemba mwaka uleule akatoroka akiwa amevaa sare za askari. Siku chache baadaye liliandikiwa gazeti lilelile la marehemu barua yenye jina lake ikitishia kumuua Papa, aliyekuwa anakuja kuitembelea Uturuki. Mahakama ya Uturuki iliendelea na kesi bila yeye kuwapo, ikamhukumu kifo. Kaka yako ameitoa wapi habari ya kitanzi? Hapo. Hukumu ilikuwapo kwenye karatasi, shingo haikuwapo. Baadaye sheria ya msamaha ya mwaka 1991 iliigeuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha miaka kumi, na Uturuki yenyewe ikaja kuifuta kabisa adhabu ya kifo.

Kesi ya Roma ilikwenda haraka mno: ilianza tarehe 20 Julai 1981 na tarehe 22 hukumu ikasomwa, kifungo cha maisha. Na hapa kuna jambo ambalo mawakili tunalipenda kuliko wasimuliaji. Ağca aliikataa mahakama ile. Alisema amefyatua risasi ndani ya Vatikani, basi Italia inamshitaki kwa lipi? Hoja ina mantiki, lakini ilikuwa imejibiwa miaka 52 kabla. Mkataba wa Laterano wa mwaka 1929, ulioizaa dola ya Vatikani, unaiachia polisi ya Italia ulinzi wa Uwanja wa Mtakatifu Petro katika siku za kawaida, na unaeleza kwamba Vatikani ikiomba, Italia itamhukumu aliyetenda kosa katika eneo lake. Vatikani ikaomba. Kuanzia siku ile, faili la Ağca likawa la Jamhuri ya Italia. Papa, pamoja na kuwa mkuu wa dola na ndiye aliyetobolewa tumbo, hakuwa na ufunguo wa gereza lile hata kama angetaka. Hukumu yenyewe ilihusu pia kujeruhiwa kwa wale wanawake wawili. Ağca hakukata rufaa.

Kwa hiyo Papa alipotangaza kutoka kitandani, Jumapili ya tarehe 17 Mei, kwamba anamwombea ndugu yule aliyempiga na kwamba amemsamehe kwa moyo, alikuwa anatoa kitu kilicho chake. Kile kisicho chake hakukigusa.

Mjomba naye anaikumbuka picha moja iliyozunguka dunia nzima, na nadhani ilining'inizwa katika sebule nyingi za Uchaggani: Papa na Ağca wamekaa kwenye viti, vichwa vimeinamiana kama watu wanaopeana siri. Hiyo ni tarehe 27 Desemba 1983, gereza la Rebibbia, Roma. Ndiyo, alimwendea gerezani. Walizungumza kama dakika ishirini kwa Kitaliano, lugha ambayo hakuna kati yao aliyezaliwa nayo. Halafu Papa akatoka na Ağca akabaki ndani. Dziwisz, aliyekuwa karibu, alisimulia baadaye kwamba Ağca hakuomba msamaha hata siku ile. Kilichomsumbua ni kwa nini Papa hakufa, maana yeye alijua amelenga sawasawa, na alikuwa na hofu na habari za Bikira Maria wa Fatima, kule Ureno, kwa kuwa tarehe 13 Mei ndiyo siku ya kumbukumbu yake. Mimi naona hili ndilo jambo la kushangaza kuliko yote katika kisa kizima. Mtu amesamehewa bila kuomba, na aliyemsamehe hakumdai hata neno la pole. Mwaka 1987 Papa alimpokea pia mama yake Ağca huko Vatikani. Mama yule hakuwa amempiga mtu risasi, lakini wewe unajua kijijini kwetu mama wa mwizi huwa anatembeaje.

Msamaha wa serikali ulikuja mwaka 2000. Ulikuwa mwaka wa Jubilei Kuu. Tarehe 13 Juni, mwezi mmoja baada ya Papa kwenda Fatima, Rais wa Italia Carlo Azeglio Ciampi alitia saini msamaha, na Vatikani ikasema Papa amefurahi. Hapa nampa mjomba nusu ya haki yake, kwani bila msimamo wa Papa sidhani kama saini ile ingepatikana. Lakini ona ni nani aliyetia saini, na baada ya muda gani. Siku ileile Ağca alitolewa katika gereza la Ancona na kusafirishwa Uturuki, ambako damu ya Abdi İpekçi ilikuwa haijalipiwa.

Kilichofuata ni kituko cha hesabu. Mwezi Januari 2006 mahakama ya Uturuki ilimwachia kwa kuhesabu kwamba miaka ya Italia inatosha. Alitoka tarehe 12, nchi ikawaka, waziri wa sheria akapeleka shauri juu, na tarehe 20 akarudishwa ndani. Mahakama kuu ya rufani ya huko ilisema miaka aliyoitumikia kwa ajili ya Papa haiwezi kulipia kifo cha mhariri. Nilipoisoma habari hiyo nilijiambia kwamba angalau kuna mahali walimkumbuka İpekçi. Duniani kote anatajwa kama mstari mmoja katika wasifu wa muuaji wake, wakati kwao ni jina la mtaa maarufu wa Istanbul.

Ağca aliachiwa kabisa tarehe 18 Januari 2010, akiwa na miaka 52. Kutoka gerezani alipelekwa kwanza hospitali ya jeshi kupimwa kama anafaa kwa utumishi wa lazima wa kijeshi, wakaona hafai. Siku hiyohiyo alitoa taarifa akitangaza mwisho wa dunia na kujiita Kristo. Hilo hakulianza siku hiyo, maana mahakamani Roma mwaka 1985 alisimama na kusema yeye ni Yesu Kristo. Katika maisha yake ametaja waliomtuma kwa kadiri ya upepo unavyovuma: peke yangu, Wabulgaria, Wasovieti, watu wa ndani ya Vatikani, na mwaka 2013 Ayatollah Khomeini. Vatikani ilikanusha hilo la mwisho waziwazi. Amewahi pia kusema anaingia Ukristo. Lakini tarehe 27 Desemba 2014, miaka 31 kamili tangu siku ya Rebibbia, alitokea Roma na maua meupe akayaweka kwenye kaburi la Yohane Paulo wa Pili. Aliomba kuonana na Papa Fransisko, akaambiwa maua yanatosha. Polisi wa Italia wakaona hana viza, wakamrudisha Uturuki.

Habari ya upadri nadhani mjomba ameichanganya na mtu mwingine kabisa. Mwaka mmoja baada ya risasi, tarehe 12 Mei 1982, Papa alikwenda Fatima kushukuru. Mtu mmoja aliyevaa kanzu ya kipadri akamrukia na singe. Huyo alikuwa padri kweli: Juan Fernández Krohn, Mhispania, wa kundi lililoona Kanisa limeuzwa tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya 1960. Alifungwa Ureno, akatoka baada ya miaka michache, akaacha upadri, akaoa na kuhamia Ubelgiji. Kwa hiyo kati ya wawili hao, aliyekuwa padri aliishia kuwa mlei. Hakuna aliyefuata njia ya mjomba.

Sasa niruhusu nikae kidogo kwa mtu ambaye hukumuuliza, kwa sababu kama ungeniambia nichague mmoja tu wa kumsimulia, ningemchagua yeye. Anaitwa Sergei Antonov. Alikuwa Mbulgaria, mfanyakazi wa ofisi ya shirika la ndege la Bulgaria jijini Roma, kazi ya tiketi na abiria. Tarehe 25 Novemba 1982 alikamatwa kwa sababu Ağca, aliyekwisha kufungwa maisha, alianza kutaja majina. Ilikuwa kilele cha vita baridi. Papa ni Mpolandi, Poland inachemka, na nusu ya dunia ilikuwa na hamu ya kusikia kwamba Moscow imeituma Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, na Sofia imemtuma Mturuki. Huenda ni kweli, huenda si kweli; watu wenye akili zao wanabishana mpaka leo, na mwaka 2006 tume ya bunge la Italia ilisema mkono wa Wasovieti ulikuwapo. Mimi nazungumzia ushahidi dhidi ya mtu mmoja. Ushahidi mkuu ulikuwa mdomo wa Ağca, na mdomo huo mahakamani ulijitangaza kuwa wa Masihi. Tarehe 29 Machi 1986 Antonov na wenzake walioshitakiwa kwa njama hiyo waliachiwa.

Lakini waliachiwa vipi? Sheria ya Italia ya wakati ule ilikuwa na aina mbili za kuachiwa: mahakama iseme hukutenda, au iseme ushahidi hautoshi. Antonov alipewa ya pili. Italia yenyewe iliona baadaye kwamba fomula ile ni mzigo usio wa haki, na mfumo mpya wa mwenendo wa mashauri ya jinai wa mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaiondoa. Kwake ilikuwa imechelewa. Alirudi Sofia akiwa mgonjwa wa mwili na wa akili, akaishi kwa kujifungia, na tarehe 1 Agosti 2007 alikutwa amefariki peke yake katika nyumba yake. Papa alifika Sofia mwezi Mei 2002 na kusema hajawahi kuamini ule uitwao mkono wa Wabulgaria. Yalikuwa maneno mazito yaliyotolewa kwa taifa zima, lakini yalimkuta Antonov akiwa ameshavunjika kwa zaidi ya miaka kumi na tano.

Linganisha mizani hiyo. Aliyefyatua risasi aliandikwa magazetini mpaka uzeeni, akapigwa picha na maua. Aliyeachiwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha alikufa bila mtu wa kumfumba macho. Ukiishi Arusha kama mimi, hili halikushangazi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa hapa mjini, katika majengo ya kituo cha mikutano cha kimataifa, AICC, mpaka ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015, na tuliona wenyewe: waliotiwa hatiani walipelekwa magereza ya Mali na Benin, ratiba inajulikana, mlo unajulikana. Walioachiwa huru ndio waliokuwa tatizo. Nchi hazikuwataka, kwao hawakutaka au waliogopa kurudi, basi wakabaki katika nyumba ya ulinzi hapa Arusha mwaka baada ya mwaka. Mwezi Desemba 2021 wanane, baadhi wameachiwa na mahakama na wengine wamemaliza vifungo, walihamishiwa Niger kwa makubaliano na Umoja wa Mataifa. Kabla mwezi haujaisha Niger ikatoa amri waondoke nchini, na wakajikuta wamezuiliwa ndani ya nyumba jijini Niamey bila hati za kusafiria. Mtu mwenye hukumu ya kutokuwa na hatia mkononi, na hana mlango wa kugonga.

Wengine nitawapitia mbiombio. Bekir Çelenk, mfanyabiashara Mturuki aliyetajwa kuwa mfadhili wa njama, alifariki Oktoba 1985 akiwa mikononi mwa dola ya Uturuki. Abdullah Çatlı, mkubwa wa Ağca katika Mbwamwitu wa Kijivu, alitoa ushahidi Roma na baadaye akatafutwa na polisi wa kimataifa; tarehe 3 Novemba 1996 gari aina ya Mercedes lilijibamiza kwenye lori karibu na mji wa Susurluk, na ndani yake alikutwa Çatlı amekufa, ofisa mkubwa wa polisi amekufa, na mbunge amejeruhiwa. Mtu anayetafutwa na polisi, kwenye gari moja na polisi! Uturuki haikulala kwa miezi. Camillo Cibin, mkuu wa usalama wa Vatikani aliyekuwapo uwanjani siku ya risasi, aliendelea na kazi mpaka 2006 na kufariki 2009. Dziwisz alikuwa Askofu Mkuu wa Kraków mwaka 2005, kardinali mwaka 2006. Risasi moja Papa aliitoa zawadi kwa kanisa la Fatima, na imo katika taji la sanamu ya Bikira Maria. Papa mwenyewe alifariki tarehe 2 Aprili 2005 na kutangazwa mtakatifu tarehe 27 Aprili 2014, miezi minane kabla ya Ağca kufika na maua yake.

Turudi Kibosho.

Mjomba anaposema "tukaifute kesi" anasema kitu ambacho familia haina uwezo nacho. Soma karatasi ya mashitaka: imeandikwa Jamhuri dhidi ya huyo kijana. Mdogo wenu ni shahidi, hata kama mnaita "kesi yetu". Mwenye uwezo wa kuiondoa mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka kupitia waendesha mashtaka wake, na hata akiiondoa kabla ya hukumu, mshitakiwa anaweza kushitakiwa upya kwa tukio lilelile. Sheria yetu inamruhusu hakimu kuhimiza mapatano katika makosa madogo ya mtu na mtu, kama kupigana kwa ngumi bila madhara makubwa. Panga si ngumi. Kama hati inasema kudhuru mwili, au Mungu apishe mbali jaribio la kuua, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, mapatano ya sebuleni hayatoshi. Msamaha wa Rais chini ya ibara ya 45 ya Katiba upo, lakini huo humkuta mtu aliyekwisha kutiwa hatiani, kama ulivyomkuta Ağca.

Najua mnachoweza kushawishika kufanya, kwa sababu hufanyika kila wiki: hamtaenda mahakamani, mashahidi watapotea, kesi itajifia. Msifanye. Mdogo wenu akiitwa kwa hati ya wito asipotokea anaweza kukamatwa yeye, na akisimama kizimbani akabadilisha maelezo aliyoyatoa polisi, anajitafutia kesi yake mwenyewe. Na kama katika upatanisho huo kuna mbuzi au fedha inayotolewa ili Jamhuri isipate ushahidi, kuipokea ni kosa. Mbuzi wa kusuluhisha majirani ni mila yetu na siipingi, ila achinjwe bila sharti la kumnyamazisha shahidi.

Mnachoweza kufanya kihalali si kidogo. Mdogo wenu anaweza kwenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka hapo Moshi na kueleza kwamba wamepatana. Mwendesha mashtaka hafungwi na maelezo hayo, lakini atayaweka kwenye faili, na anaweza kuyafikiria katika kuamua shitaka lipi linafaa. Kijana akitiwa hatiani, wakili wake au yeye mwenyewe anaweza kuiambia mahakama kwamba familia imesamehe, na mahakimu huwa wanalipima hilo wanapopanga adhabu. Mahakama inaweza pia kuamuru fidia.

Kuna jambo moja nimelitafuta katika barua yako sikulipata. Mama alisamehe, mjomba anataka kusamehe, wewe unauliza kuhusu kusamehe. Mwenye kovu la panga anasemaje? Papa alisamehe risasi zilizoingia tumboni mwake. Hakuwasamehea wale mahujaji wawili zile zilizowapata wao, wala hakuisemea familia ya İpekçi. Mwiteni mdogo wenu mkae naye bila mjomba, asikilizwe kwanza. Akisema amesamehe, nendeni naye Ofisi ya Mashtaka. Akisema bado, mwacheni atoe ushahidi wake. Kwa vyovyote vile, nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na risiti zote za hospitali zitunzeni mahali pamoja na mumpe mwendesha mashtaka kabla ushahidi haujafungwa, maana bila hizo hata hakimu mwenye huruma hana namba ya kuandika kwenye amri ya fidia.